Kioo cha Mwalimu Hezekia

Kompyuta yangu haikuwa mbovu. Naanza na hilo kwa sababu hapa Ihanja ukimuuliza mtu yeyote atakwambia ilikuwa imekufa, na kwamba watu wema walichanga wakaifufua. Uongo mtupu. Ilikuwa inafanya kazi kila siku ya Mungu, na aliyekuwa anaifanyisha kazi ni mimi.

Kilichokuwa kimekufa ni kioo. Na mimi kioo nikifanyie nini? Presha ya macho ilinimaliza jicho la kulia nikiwa na miaka thelathini na moja, la kushoto likafuata mwaka uliofuata. Tangu hapo nafundisha Historia kwa kichwa na mdomo, katika sekondari moja ya watu binafsi hapa karibu na barabara kuu. Jina la shule silitaji, bado nakula kwao.

Nilivyoipata hiyo kompyuta nayo ni kisa. Mimi natumia simu ya kitochi, isiyo na mtandao, kwa hiyo aliyenitafutia mtandaoni ni mke wangu Agnes, kwa simu yake. Siku tatu ananisomea matangazo ya laptop za Dar, na kila moja bei yake inatufanya tunyamaze. Siku ya nne akasoma moja akacheka. "Hii hapa wanauza bei ya mafundi. Kioo kimekufa, vingine vyote vizima."

"Hiyohiyo," nikamwambia.

"Baba Lea, kioo kimekufa."

"Na mimi je?"

Agnes alicheka mpaka akakaa chini. Tukamtumia muuzaji ujumbe wa sauti. Naye akajibu kwa sauti, kijana mchangamfu, akauliza kama huku Singida kioo chake ninacho. Nikamwambia sina na sikitaki. Akauliza, "Kumbe wewe fundi?" Nikasema ndiyo, mimi fundi. Akapunguza tena kidogo. Mzigo ukaja na basi, ukashushwa Ihanja barabarani, na mimi mwenyewe ndiye niliyeupokea kwa konda na kuusaini.

Likizo ile nilikwenda nao Dodoma kwa Paulo, mwalimu wa kompyuta asiyeona kama mimi. Paulo akanifungia programu inayosoma. Ukibonyeza herufi inaitamka, ukimaliza sentensi inakurudia yote, kwa sauti ya mwanamume mwenye mafua. Wiki tatu akanifundisha. Nilirudi nyumbani naandika barua bila kumwita mtu, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na miwili. Nililia, sioni haya kusema.

Shuleni nilisikiliza kwa kisikilizio cha sikioni, na kila mtu akaenda zake. Na hapo ndipo penye siri ya kioo changu cheusi. Mwalimu mwenye macho akitunga mtihani lazima ageuke geuke kuangalia nani kasimama nyuma yake. Mimi nilikuwa natunga mtihani wa kidato cha nne katikati ya ofisi ya walimu, watu wananywa chai juu ya kichwa changu, na hakuna aliyeona hata nukta. Namba ya siri sikuweka. Nilijiona mjanja, nikasema nani atafungua kitu chenye giza?

Sasa nieleze kwa nini siri ilikuwa roho yangu. Mwaka jana mtihani wangu wa Historia ulivuja. Wakati huo nilikuwa namtajia karani maswali, yeye anapiga chapa, na karani akampa mpwa wake. Karani akafukuzwa. Lakini bodi ya shule ikaniita na mimi. Mwenyekiti ni Mzee Mughwai, mkulima mkubwa wa alizeti, mtu asiyepandisha sauti. Aliniambia, "Mwalimu, wewe unafundisha vizuri, watoto wanafaulu. Ila mwalimu anayehitaji mkono wa mwingine ili atunge mtihani hawezi kutunza siri. Tunakupa mpaka Agosti. Tunga mtihani wa majaribio wa kidato cha nne peke yako, kisha uje hapa utuonyeshe kwa macho yetu unavyoandika. Ukishindwa, madarasa tutampa mwingine, na wewe utakuwa mlezi wa bweni."

Mlezi wa bweni. Kugonga kengele na kuhesabu magodoro. Mimi ambaye watoto wakitoka darasani wanaendelea kubishana Vita vya Majimaji mpaka kwenye foleni ya ugali. Nikasema sawa mzee, Agosti nitakuja. Wala sikuogopa. Laptop niliagiza mwezi uleule.

Julai akaja Mwalimu Pendo. Binti mdogo, mkataba wa muda, Kiswahili na Historia. Heshima zake kamili: "Shikamoo mwalimu" kila asubuhi, hata kama mimi ndiye niliyechelewa. Nilimpenda, na wala sirudishi neno. Meza yake ikawekwa kando ya yangu.

Huyu mtoto, siku ya kwanza tu, akaona kitu ambacho wengine walikuwa wameshazoea kukitazama. Mwalimu kipofu kachomeka kitu sikioni, kainamia kompyuta yenye kioo cheusi tii, anabonyeza, anatabasamu, anabonyeza tena. Akaelewa alivyoelewa. Kwamba wauzaji wa mtandaoni waliniona sioni wakaniuzia maiti, na mimi sijui, kila siku nakuja kuiandikia maiti. Alikwenda chooni akalia. Haya alikuja kuyasema mwenyewe mbele ya watu, ndiyo maana nayajua.

Angeniuliza. Sentensi moja tu, "Mwalimu, hiyo kompyuta inafanya kazi?" Lakini kwetu mtu mwenye shida haulizwi, anachangiwa. Ukimuuliza utamtia aibu. Pendo akafungua grupu la WhatsApp, akaliita Kioo cha Mwalimu Hezekia, akawaingiza walimu wote, wazazi, mpaka wanafunzi wa zamani walioko Kilimatinde na Manyoni. Kila mtu humo isipokuwa mwenye kioo. Hata Agnes hawakumwingiza, eti ataniambia. Ni kweli angeniambia.

Jumatatu ya wiki ya kikao nikafungua droo, nikapapasa. Hakuna kitu. Mtihani wangu ulikuwa umekamilika humo, maswali yote, na Alhamisi bodi inakaa. Nikaenda kwa mkuu wa shule, Mwalimu Benjamin, fimbo inagonga kila mlango.

"Mkuu, kompyuta yangu imeibwa."

"Haijaibwa, mwalimu. Nimeifungia kabatini mimi, kwa usalama, mpaka Alhamisi."

"Nipe nifanye mazoezi."

"Tulia, mwalimu. Mungu yupo." Na nikasikia anacheka kwa pua, kicheko cha mtu anayeficha pipi. Nilidhani ananicheka wasiwasi wangu. Nikarudi mezani kwangu nikasubiri siku tatu.

Alhamisi walikaa katika ofisi ya walimu. Viti vya plastiki vimeburuzwa, soda zimefunguliwa, wajumbe wa bodi upande wa dirishani, walimu upande wa mlangoni. Mzee Mughwai akafungua kwa sala, akasema ajenda ziko kumi na moja na yangu ni ya kwanza. Nikasimama. Kabla sijafungua mdomo, Mkuu Benjamin akaomba dakika mbili.

"Mwenyekiti, kuna jambo mwenzetu halijui. Mwalimu Pendo, karibu."

Nikasikia karatasi ya zawadi, ile inayokwaruza. Nikasikia simu zinaandaliwa kupiga picha. Pendo akaanza kusema, na ndipo nilipojua habari yangu yote: maiti niliyouziwa, machozi ya chooni, grupu, michango. Kioo kiliagizwa Dar mtandaoni kwa kupiga picha namba zilizo chini ya kompyuta nikiwa darasani. Cha kwanza kikaja siyo chenyewe, pini za waya hazilingani, wakakirudisha kwa basi wakazozana na muuzaji. Cha pili kikaingia Jumanne, na fundi Antipasi wa Mandewa, mjini, akakifunga bila kudai ufundi.

"Kompyuta yako imepona, mwalimu," Pendo akamaliza. Watu wakapiga makofi, mwalimu mmoja mama akapiga vigelegele.

Nikaichukua. Ilikuwa imefutwa vumbi, inanukia spiriti. Nikaifungua, nikatafuta kitufe, nikachomeka kisikilizio. Nikasubiri mwanamume wangu mwenye mafua aseme karibu. Kimya. Nikabonyeza vitufe vitatu ambavyo Paulo alinifundisha, vya dharura, vinavyoamsha sauti hata kwenye mashine ngeni. Kimya.

"Inawaka?" nikauliza.

"Inang'aa, mwalimu," Pendo akasema. "Nzuri kweli. Ina picha ya ziwa."

"Fundi amefanya nini zaidi ya kioo?"

Wakampigia, simu ikawekwa spika. Antipasi, maskini wa watu, akaeleza kwa furaha. Alibadilisha kioo, akaona mashine nzito, akaipiga window, yaani akafuta kila kitu akaweka upya. Ndiyo desturi ya mafundi wetu. Hata ukipeleka chaji tu, mashine haitoki bila kupigwa window.

"Kulikuwa na programu inasema," nikamwambia.

"Inasemaje, mwalimu?"

"Inanisomea. Kwa sauti."

"Aah, sauti bado. Draiva ya sauti sijaiweka, bando iliniishia. Nikasema sauti siyo muhimu, kazi ilikuwa kioo. Ilikuwa imekufa kabisa hiyo, mwalimu, hata picha haitoi."

Nikawageukia wajumbe, nikaeleza. Nilijitahidi nisipandishe sauti. Nikasema kompyuta ilikuwa nzima, kioo sikihitaji, niliinunua hivyo kwa makusudi, nilikuwa nasikiliza. Chumba kikanyamaza vile watu wanavyonyamaza mlevi anapohutubia msibani. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Asante ya punda mateke."

"Nani anaweza kuthibitisha?" Mzee Mughwai akauliza, kwa upole.

"Mke wangu ameisikia."

"Mkeo huyo, mwalimu. Mwingine?"

"Mpigieni Paulo, Dodoma. Ndiye aliyeniwekea."

"Ni fundi?"

"Ni mwalimu wa kompyuta. Haoni."

Mjumbe mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. "Sasa asiyeona atashuhudia vipi kioo?"

Nikamwita Mkuu Benjamin. Nikamwambia, "Mkuu, miezi minane unaniona naandika hapa. Mtihani wa Juni nilikuletea kwenye flashi. Waambie."

Alisema chini chini, kama mtu anayezungumza na mgonjwa. "Mwalimu Hezekia, mimi nilikuwa nakuona unabonyeza. Niliona kioo hakiwaki. Nikajua mama Lea ndiye anayekupigia chapa nyumbani. Nikasema nimwache mwenzangu, ajifariji. Sikutaka kukuvunja moyo."

Miezi minane. Kila asubuhi mtu huyu alikuwa ananiuliza, "Mwalimu, kazi inaendelea?" na mimi namjibu, "Inaendelea, mkuu, nimefika swali la saba." Kumbe anazungumza na mtoto anayepika udongo. Hilo liliniuma kuliko window. Mpaka leo nikisikia viatu vyake najisikia kichefuchefu.

Lakini sikukubali kufa kirahisi. Nilikuwa nimebakiwa na hoja moja, na ilikuwa nzuri. "Mwenyekiti, kama mashine ilikuwa imekufa, muulizeni fundi kama alikuta mafaili humo."

"Aliyakuta," Pendo akarukia. Nilisikia furaha ikimrudia, maskini. "Hakuna kilichopotea, mwalimu. Aliyahamisha kwanza kwenye flashi ndipo akapiga window. Kuna mtihani wa majaribio wa kidato cha nne, umekamilika kabisa. Nimeuprinti pale mjini, nakala kumi, ili bodi nayo ione kazi yako."

Na karatasi zikaanza kupita. Mkono kwa mkono, nasikia zinavyokunjuliwa. Zikapita upande wa dirishani, zikarudi upande wa mlangoni.

Mzee Mughwai akasoma muda mrefu. Nasema kweli, mzee yule alikuwa mtu wa haki, na hapo ndipo nilipopata matumaini. Akasema, "Swali hili la tano linataja mkutano wa kijiji wa mwezi uliopita. Mimi nilikuwepo, na mwalimu alikuwepo. Hili halikuandikwa zamani, na mwanamke wa nyumbani asingelitunga hivi." Akaiweka karatasi mezani. "Mimi nakubali. Mwalimu Hezekia, umeandika mwenyewe."

Nikakaa. Nikasema ahsante Mungu, ahsante mzee, nimepona. Halafu akaendelea.

"Sasa mtihani huu, mwalimu, ni wa lini?"

"Wa mwezi ujao."

"Na hapa tumeushika watu wangapi?"

Akaanza kuhesabu mwenyewe.

"Fundi wa Mandewa ameufungua. Wa steshenari ameuprinti. Walimu wanao, bodi tunao. Binti, hii flashi ilikuwa wapi tangu Jumanne?"

"Kwenye mkoba wangu," Pendo akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ndogo. "Na niliutuma kwenye grupu. Ukurasa wa kwanza tu. Ili wachangiaji waone."

Kwenye grupu. Walikuwemo wazazi, na watoto wa wazazi ndio wanaoshika hizo simu jioni nzima. Mtu mmoja akasema "Mungu wangu" polepole.

"Mwalimu Hezekia," akasema Mzee Mughwai, "uliweka namba ya siri?"

Ningeweza kudanganya. "Hapana, mzee."

"Kwa nini?"

"Kioo kilikuwa kimekufa. Nilijua hakuna wa kuona."

Akashusha pumzi. "Unaona sasa. Hatukukuomba uandike tu. Tulikuomba utunze siri. Mwaka jana karani, mwaka huu fundi na flashi. Sisemi umekosa wewe. Nasema kitu cha mwalimu asiyeona kinapita mikononi mwa watu, na hata watu wema wakikishika, kinamwagika. Mimi nina watoto themanini wa kidato cha nne hapa. Siwezi kuwaweka rehani mara ya tatu."

Nikasema walichukua bila ruhusa yangu. Nikasema waliingia kwenye droo yangu. Nikasema mwalimu mwenye macho akiibiwa mtihani mnamkamata mwizi, hamumpeleki bwenini. Hilo nililisema kwa sauti, na sijutii. Mzee akanisikiliza mpaka mwisho, akasema nimeeleweka, akaomba wanaokubali wanyooshe mikono. Sikuona mikono mingapi. Nilisikia nguo tu, nguo nyingi.

Madarasa yangu ya Historia wakampa Pendo. Akakataa, akalia, akaambiwa hakuna mwingine mwenye somo hilo, na mkataba wake unakwisha Desemba, afikirie vizuri. Akafikiria. Simlaumu kwa hilo. Mimi nikawa mlezi wa bweni la wavulana kuanzia Jumatatu, mshahara uleule kasoro posho ya kusahihisha.

"Basi," akasema Mkuu Benjamin, na sauti yake ilikuwa imerudia uchangamfu wake wa kanisani, "tusimalize jambo jema kwa uchungu. Watu wamejitolea kutoka mbali, wanasubiri huko kwenye grupu. Mwalimu Hezekia, tunaomba neno la shukrani. Mwalimu Pendo atarekodi."

Kukataa nilikufikiria, msidhani sikukufikiria. Niliifikiria ile laptop ikipita dirishani. Kisha nikamfikiria Lea, binti yangu, yuko kidato cha pili hapohapo, na halipi ada kwa sababu baba yake ni mfanyakazi wa shule. Mlezi wa bweni naye ni mfanyakazi.

Nikasimama, nikapiga hatua mbili mbele kama tunavyofanya tukisema mbele ya watu. Nikamshukuru Mungu. Nikaishukuru bodi, nikamshukuru mwenyekiti. Nikamshukuru mkuu wa shule kwa moyo wake wa uvumilivu. Nikawashukuru wachangiaji wote, wa Kilimatinde, wa Manyoni, wa hapa nyumbani, na fundi Antipasi aliyefunga kioo bila kudai ufundi. Nikamshukuru Mwalimu Pendo kwa jina lake. Nikasema kioo ni kizuri sana. Wakapiga makofi.

Kiti changu kilikuwa hatua mbili nyuma yangu, nilikuwa nimekiacha mwenyewe dakika ileile. Pendo akazima simu, akaja, akanishika mkono wa kushoto juu ya kiwiko anirudishe. "Taratibu, mwalimu," akaniambia, "hapa kuna mguu wa meza." Ofisi ile nimeitembea miaka kumi na mitatu. Nikamwacha anishike, nikaenda naye taratibu.